Kushusha sakafu ya chumba cha chini: mafundi safi, msimamizi wa saiti simsamehe

Chumba kimeisha na ni kikavu. Nalitanguliza hilo kwa sababu ni haki ya mafundi wa kampuni tuliyoiita, na nikishaanza kumzungumzia msimamizi wao sidhani kama nitakumbuka kusifia.

Nyumba yetu ni ya zamani, na chini yake kulikuwa na chumba ambacho mtu mzima haingii bila kuinama. Tukaamua kichimbwe, sakafu ishuke, watu wasimame wima. Kwa ambaye hajawahi kuifanya kazi hii, jua kwamba huchimbi shimo tu ukamwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Msingi wa nyumba umekalia udongo uleule unaotaka kuutoa. Kwa hiyo msingi ndio unaotangulia kushushwa, kipande kwa kipande, huku nyumba imesimama juu yake na watu wamelala ndani. Ukikosea hapo, huwezi kusema utarudia kesho.

Mhandisi alituchorea ramani nzuri kabisa. Kuta zote zimegawanywa vipande vya upana wa kama mita moja, kila kipande na namba yake, na namba hazifuatani. Unachimba namba moja hapa, namba mbili iko kule mbali. Alitueleza sababu akiwa amesimama palepale chini: ukuta wa matofali unaweza kujibeba kwa muda juu ya uwazi wa mita moja, maana matofali yanaegemeana na kuupeleka uzito pembeni. Ukifungua vipande viwili vinavyopakana, hapo pembeni pa kuegemea pamesogea mbali, na kwenye kona ya nyumba ni hatari zaidi kwa kuwa upande mmoja hakuna ukuta unaoendelea. Mimi si fundi, lakini maelezo yale nikayashika.

Wiki za mwanzo sina la kulalamika. Vijana walichimba kwa sululu na beleshi, udongo ukapandishwa kwa ndoo, na udongo ukishachimbwa unavimba, kwa hiyo lundo la nje lilikuwa kubwa kuliko shimo lenyewe. Hakuna aliyenung'unika. Kuna fundi mmoja, mtu mzima, mpole, nilipenda kumtazama akishindilia. Zege jipya halimwagwi mpaka ligusane na msingi wa zamani. Linaachiwa pengo la sentimita 5 hadi 7, kwa sababu zege likikauka linanywea, na ukilijaza moja kwa moja litaachana na msingi wa juu bila wewe kuona. Likishakaa angalau siku nzima, pengo linajazwa mchanga na saruji, mafungu matatu kwa moja, maji kidogo sana. Yule mzee alikuwa anaufinya mchanganyiko kiganjani, anaufungua mkono, anautazama kama umeshikamana bila kuacha majimaji, ndipo anaanza kuusukuma ndani na kuugonga kwa kipande cha mbao na nyundo mpaka sauti ya kugonga inabadilika na kuwa kavu. Hapo ndipo uzito wa nyumba unaposhuka kwenye zege jipya. Kwa kazi ile ya mikono ningewapa nyota zote tano.

Sasa njoo kwa msimamizi.

Alasiri moja nilishuka nikakuta vipande viwili viko wazi, vimepakana, kwenye kona. Tena chini ya ukuta unaobeba ngazi na vyumba vya kulala! Mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imeharibika, hakuna chochote kilichokuwa kinamwagwa. Hakuna hata mrunda mmoja uliosimikwa. Msingi wa zamani ulikuwa unaning'inia hewani, unaona udongo mweusi umebaki umegandia chini yake, na vipande vidogo vinadondoka kimoja kimoja. Nikamuuliza msimamizi kwa heshima kabisa, "Fundi, si ramani inasema hivi viwili visifunguliwe pamoja?"

Hakugeuka hata kunitazama. Akasema, "Mama, nyumba imeanguka? Panda juu ukapumzike."

Vijana wakacheka. Yule mzee hakucheka, aliinamisha kichwa. Nikaenda kuileta ramani nikamwonyesha namba kwa kidole, akaniambia, "Karatasi haichimbi." Akaendelea kuongea na simu yake.

Nimeolewa, nimelea watoto, nimefanya kazi na watu wa kila aina, sijawahi kuongeleshwa hivyo ndani ya nyumba yangu. Na angekuwa amenitukana tu ningemeza. Lakini watoto walikuwa juu ya ile kona!

Nikawatoa watoto nje, nikampigia mhandisi. Alifika kabla giza halijaingia. Akatazama, hakupandisha sauti, akaamuru kipande kimoja kifukiwe palepale na udongo ushindiliwe tabaka kwa tabaka, ukuta ukasimikiwa mihimili, kazi ikasimama. Msimamizi aliyekuwa ananifukuza sasa alikuwa anaitikia "sawa mkuu, sawa mkuu". Karatasi ileile niliyomwonyesha mimi.

Kesho yake mlango wa chumba cha juu ukaanza kukwaruza fremu, na ufa ukatokea kwenye kona ya dirisha, unapanda mshazari. Mwembamba, ukucha hauingii. Mhandisi akachora alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandika tarehe ukutani, tuone kama unatembea. Haukutembea. Nashukuru Mungu, na namshukuru mhandisi. Siishukuru kampuni.

Nilipowapigia ofisini walinijibu vizuri, pole nyingi, "tutamuonya". Wiki iliyofuata ni yeye huyohuyo aliyeshuka kwenye gari, na hakunisalimia mpaka mwisho wa kazi.

Niseme ukweli, baada ya tukio lile walifuata ramani bila kuruka namba. Jamvi limenyooka. Kuta za ndani wameziwekea ile karatasi ngumu ya plastiki yenye vinundu, maji yakipenya yanateremka nyuma yake mpaka kwenye mfereji na kwenye shimo la pampu, na waliweka pampu ya pili ya betri kwa ajili ya umeme kukatika bila mimi kuwakumbusha. Mvua kubwa zimeshapita, hakuna tone. Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota nne.

Lakini nikikumbuka ule msingi ulivyokuwa unaning'inia na yeye anaongea na simu, nne siwezi. Hata tatu zinanikaa vibaya. Sakafu nzuri haimfanyi kuwa mtu wa kuaminiwa chini ya nyumba ya watu, na kama nisingeshuka alasiri ile sijui wangekaa hivyo mpaka lini. Ufa wameuziba na kupaka rangi, ila mlango bado unakwaruza, nimewaandikia mara kadhaa na jibu ni "fundi atapita".

Nyota mbili, na zote mbili ni za yule mzee wa kushindilia na wenzake wa ndoo. Ukiamua kuwaita, mwulize mhandisi wako kama atakuja mwenyewe kukagua kila kipande kabla zege halijamwagwa, na uwaambie ofisini mapema ni msimamizi yupi hutaki akanyage kwako. Mimi huyo wa kwangu hata akija kurekebisha mlango, simfungulii.