Uzoefu wangu: nimewaona Pundamilia wa Kiel

Shuleni nilicheza mpira wa mikono, winga wa kushoto. Tulifika UMISSETA ngazi ya mkoa, tukatolewa siku ya pili, kiwanja vumbi tupu. Kwa hiyo nilipokuja Hamburg kusoma nilijiapiza: sirudi nyumbani kabla sijaingia ukumbi wa THW Kiel, klabu ya mpira wa mikono ya mji wa Kiel inayoitwa Pundamilia.

Treni ni mwendo wa saa moja na ushee. Ukishuka stesheni ya Kiel huulizi njia, unafuata tu jezi za milia myeusi na myeupe.

Tiketi ndiyo iliyonitesa. Wenye tiketi za msimu hawaziachii, basi nikanunua kwa mtu mtandaoni kwa bei karibu mara mbili. Aliniahidi kiti karibu na kiwanja. Kumbe safu ya juu kabisa, jirani na paa! Bahati yangu, pembeni alikaa mzee mwenye skafu ya milia, na alipojua ni mara yangu ya kwanza hakunyamaza tena.

Ukumbi wenyewe, akaniambia, ulifunguliwa 1951, na vyuma vyake vilitoka kwenye banda la ndege la kisiwa cha Sylt. Klabu ni ya zamani zaidi: 1904, chama cha mazoezi ya viungo cha vitongoji vya Hassee na Winterbek, ndiyo hiyo H na W. Ubingwa wao wa kwanza wa Ujerumani, 1948, waliuchukua kwenye mpira wa mikono wa nje, juu ya nyasi, watu 11 kila upande. Ukumbini walitwaa 1957, 1962 na 1963, halafu ukame wa miaka 31. Hapo nilicheka, nikakumbuka mashabiki wetu wanaotaka kocha afukuzwe baada ya sare mbili.

Kilichoukata ukame, kwa maelezo yake, ni kocha Noka Serdarušić aliyefika 1993, akamkuta mchezaji Msweden Magnus Wislander. Ubingwa ukaja 1994 na haukukatika sana tangu hapo. Msimu wa 2011/12, chini ya Alfreð Gíslason wa Iceland, walicheza mechi 34 za ligi wakashinda zote 34. Sare hata moja hakuna! Ligi ya Mabingwa Ulaya wametwaa 2007, 2010, 2012 na 2020. Ile ya 2007 ndiyo mzee anaipenda kuliko zote, maana fainali ilikuwa dhidi ya Flensburg, watani wao wa jimbo hilohilo. Filip Jícha, Mcheki, alibeba mbili kama mchezaji na ya 2020 kama kocha. Msweden, Mcheki, Mfaransa, Mdenmark, wote hapa ni watoto wa Kiel.

Mchezo wenyewe? Televisheni inadanganya. Haionyeshi kishindo cha pivoti, mshambuliaji anayejibana katikati ya mabeki, akigongana na wawili kwenye mstari wa mita sita mbele ya goli, wala gundi. Wachezaji wanapaka gundi vidoleni, mpira unanasa, mtu anauzungusha kwa mkono mmoja huku yuko hewani. Sisi tulikuwa na jasho na mchanga. Nimeelewa leo kwa nini mipira yangu ya pembeni ilikuwa ikiniponyoka, ingawa mwalimu wa michezo angesema ni uvivu.

Kelele ni za kukuziba masikio dakika zote 60. Chukua koti, Kiel ina upepo wa bahari. Tiketi nunua kwa klabu yenyewe, mapema. Mimi natafuta ya mechi na Flensburg. Mzee kaniambia nisithubutu kuvaa bluu, rangi ya Flensburg.