Unataka kitu kimoja tu cha Chanel? Anzia miguuni

Swali huja hivi: "Nimejiwekea pesa, nataka kitu kimoja cha Chanel, kimoja tu. Nichukue mkoba?" Anayeuliza tayari ana jibu lake kichwani, anatafuta wa kumwitikia tu. Mimi huwa simwitikii. Mkoba umo kwenye orodha hii, tena uko juu, ila si wa kwanza, na wala si ule anaoufikiria yeye.

Nina kipimo kimoja. Gabrielle Chanel, aliyefungua duka la kofia mtaa wa rue Cambon jijini Paris mwaka 1910, alipata jina kwa kuondoa kero za mavazi ya kike: nguo ambayo huwezi kuinua mkono ukiwa umeivaa, mfuko wa pambo usioingia hata kidole, mkoba unaokula mkono mmoja kutwa nzima. Vitu vilivyozaliwa na kero hizo vinauzwa hadi leo, karibu vilevile. Vingine vimebandikwa jina tu. Kwa hiyo ninapovipanga najiuliza: tukizifuta zile C mbili za nembo zilizopeana mgongo, kinabaki nini?

Namba moja ni viatu. Nazungumzia vile vya rangi mbili vya mwaka 1957, vilivyotengenezwa pamoja na fundi Massaro wa Paris: mwili rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, ncha nyeusi, na ukanda wa kushika kisigino kwa nyuma. Hakuna kilichowekwa pale kwa urembo tu. Rangi ya mwili inakaribia rangi ya ngozi ya aliyevibuni, basi mguu ukaonekana mrefu. Ncha nyeusi inaufupisha unyayo, na inaficha mikwaruzo mahali ambapo kila kiatu huchubuka kwanza. Ukanda una elastiki, kwa hiyo huinami kuhangaika na bizimu. (Mwenye ngozi nyeusi atagundua kwamba hesabu ya rangi ile haikupigwa kwa ajili yake. Ni kweli. Siku hizi vipo vya rangi nyingine. Tafuta inayokaribia mguu wako, na hoja ya 1957 itafanya kazi vilevile.)

Hivi ndivyo ninavyomshauri mtu anunue kwanza kwa sababu vinavaliwa. Kazini, harusini, msibani, na suruali ya jinzi. Bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya mkoba, na hakuna mtu barabarani atakayejua ni vya nani isipokuwa anayejua. Vipime jioni, mguu ukiwa umeshavimba, na utembee navyo dukani mpaka muuzaji aanze kukutazama. Elastiki ikikulegea siku ya kwanza, baada ya mwezi utakuwa unaviburura kama kandambili. Na kabla hujakanyaga navyo lami, vipeleke kwa fundi abandike soli nyembamba ya mpira, maana ile ya ngozi haivumilii maji wala kokoto.

Namba mbili ni mkoba, lakini ule wa 2.55. Jina lake ni tarehe: Februari 1955. Chanel alikuwa amerudi kazini mwaka mmoja kabla, akiwa na miaka 70, baada ya kufunga nyumba yake ya mitindo tangu 1939. Alichoka, alisema, kushika mikoba mkononi na kuipoteza, basi akaupa mkoba mkufu wa kutundika begani, jambo ambalo mabibi wa heshima wa enzi hiyo hawakulizoea. Ukiufungua unakuta bitana nyekundu iliyokolea, ambayo husemwa ni rangi ya sare za kituo cha yatima cha Aubazine alikolelewa. Kuna kijumba cha kusimamishia rangi ya mdomo. Nyuma kuna mfuko uliopinda kama tabasamu, wa kutumbukiza noti haraka. Kifungo cha mbele ni kimstatili kitupu, hakina herufi yoyote.

Ule unaoonekana kila mahali, wenye C mbili mbele na ukanda wa ngozi uliosukwa ndani ya mkufu, ni kazi ya mbunifu Karl Lagerfeld, aliyeshika usukani wa nyumba hii mwaka 1983. Nyumba ilikuwa imepoa tangu mwenyewe afariki mwaka 1971, na Lagerfeld alielewa kwamba watu walitaka kuonekana wamenunua. Alifanikiwa mno. Sina ugomvi na mkoba huo, ila kama utalipa pesa ile, chukua wenye wazo, acha wenye tangazo. Na pesa yenyewe si mchezo: mwaka 2024 saizi ya kati ya ule wa C mbili ilivuka euro 10,000 Ulaya, wakati mwishoni mwa 2019 ilikuwa karibu nusu ya hapo. Ngozi haikubadilika, wala saa za fundi hazikuongezeka. Anayekwambia "huu ni uwekezaji" mwulize kwanza kama ana wa kuuza.

Kuhusu ngozi: ya kondoo ni laini kama shavu la mtoto na inachubuka kwa kucha. Rafiki yangu aliutoa wake kwenye sanduku, akaupitisha mbele ya ufunguo wa gari, basi. Ya ndama yenye vipele, wanayoiita caviar, inastahimili. Na 2.55 mara nyingi hutoka kwa ngozi ya ndama iliyokunjwakunjwa makusudi ionekane ya zamani, kwa hiyo mkwaruzo wako wa kwanza utapotea ndani ya mikunjo iliyokuja nayo. Ngozi za mamba na chatu nyumba hii ilitangaza kuziacha Desemba 2018. Ukizikuta, ni za kabla ya hapo au ni za uongo.

Namba tatu: koti la twidi, kile kitambaa kizito cha sufu, la mitumba. Jipya sikushauri, bei yake itakutoa jasho. Lakini la zamani, kwenye duka zuri la mitumba ya kifahari, ndilo somo bora la ushonaji utakalolipata kwa kununua. Mara ya kwanza niliposhika moja, nililigeuza pindo na kitu baridi kikanigusa kiganjani: mkufu mwembamba wa shaba, umeshonewa kuzunguka pindo lote, kwa ndani. Kazi yake ni uzito. Unalivuta koti chini linyooke, hata ukiinua mkono kumpungia mtu kisha ukaushusha. Kitambaa kimeshonwa pamoja na bitana yake kwa mistari isiyoonekana kwa nje, ndiyo maana halina ule ukakamavu wa suti na bado halipotezi umbo. Mkono umepachikwa juu kabisa ya bega. Mifuko inaingiza vidole kweli, na kila kifungo kina tundu lake la kweli.

Koti hili lilipotoka mwaka 1954, waandishi wa Paris walilibeza, wakasema bibi amerudi na yaleyale. Wamarekani ndio waliolinunua, na soko lao likairudisha nyumba kwenye ramani.

Ukienda kulitafuta, anza na mkufu. Usipokuwepo, huenda bitana ilibadilishwa na mtu asiyejua, au koti si lenyewe. Halafu nenda kwapani: hariri hufia pale kwanza. Ya miaka ya 1980 mwishoni mara nyingi yana mabega mapana ya enzi hiyo. Mabega ya kujazwa fundi hodari anaweza kuyapunguza, ila mkono uliopachikwa vibaya hauna dawa.

Namba nne: manukato ya No. 5, na kwa pesa ndogo huenda ndiyo namba moja yako. Mwaka 1921 mtengeneza manukato Ernest Beaux alimwekea Chanel sampuli zenye namba, 1 hadi 5 na 20 hadi 24, naye akachagua ya tano. Kilichoipa upekee ni aldehidi, kemikali zinazotoa ule mng'ao wa nguo safi zilizoanikwa, zikichanganywa na yasmini na waridi. Watu wengi huinusa kwenye kikaratasi dukani, wakasema "inanuka kama bibi yangu," wakaondoka. Wana haki kidogo. Lakini ipake kwenye kifundo cha mkono, toka nje, nusu saa baadaye inuse tena. Ile sabuni itakuwa imeondoka na maua yamebaki. Ikikushinda kabisa, kuna L'Eau ya mwaka 2016, nyepesi zaidi. Chupa ndogo ya extrait, yaani manukato mazito kabisa, ndiyo yenye yasmini ya Grasse, mji wa Ufaransa, na tone moja linatosha kutwa.

Hapa ndipo pa kusema jambo ambalo kwenye matangazo hutalikuta. Mwaka 1924 Chanel aliwapa ndugu Wertheimer, wafanyabiashara Wayahudi, biashara ya manukato, yeye akabaki na asilimia 10, na hasira ya mkataba ule haikumwisha. Ujerumani ilipoikalia Ufaransa, alijaribu kutumia sheria dhidi ya Wayahudi kuwapokonya kampuni. Alishindwa, kwa sababu walikuwa wameshaikabidhi kwa mtu wa kuwashikia. Leo nyumba nzima, hadi jina lake yeye, ni mali ya wajukuu wa Pierre Wertheimer. Anayenunua sura ya mwanamke huru mwenye lulu shingoni ananunua na hili pia, alijue au asilijue.

Vilivyobaki nitavipitia haraka. Pochi yenye mkufu inapendeza, lakini jaribu simu yako ndani kabla hujalipa. Saa ya J12, ya kauri, ya mwaka 2000, ni saa nzuri kweli. Ila mpenda saa ana maduka yake mengine. Mapambo: Chanel mwenyewe alichanganya lulu bandia na vito halisi kwa makusudi, kuwacheka waliovaa utajiri wao shingoni, kwa hiyo kulipia lulu za kioo bei ya vito leo ni kichekesho ambacho sijui nani anamcheka nani. Vipande vya zamani vya kioo cha rangi kutoka karakana ya Gripoix ni habari nyingine, ukivipata, nunua. Rangi ya mdomo ni nzuri na itaisha. Miwani ya jua ipo mwisho kabisa: hutengenezwa kwa leseni na kampuni ileile ya Luxottica inayotengenezea majina mengine chungu nzima, na hapo ukifuta zile C kinabaki kioo na plastiki.

Mikoba, viatu na nguo nyumba hii haiuzi mtandaoni. Huuza hivyo madukani tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, ingawa hiki kizuri kina bajeti ya matangazo ya kutisha. Maana yake kwako ni kwamba tovuti yoyote inayokuuzia mkoba "mpya kabisa" wa Chanel ama ni ya mchuuzi wa pili au ni ya mwizi. Kwa wa mitumba, tazama mistari ya mshono: mfuko wa nyuma unapokutana na mwili wa mkoba, vile vimraba vilivyolala mshazari lazima viendelee bila kukatika. Kwenye zile C mbili, ya kulia hupita juu ya mwenzake upande wa juu, ya kushoto hupita juu upande wa chini. Kibandiko cha namba ndani, pamoja na kadi yenye namba hiyohiyo, kilitumika tangu miaka ya 1980 hadi 2021, kikapokewa na kibati chenye chipu; mkoba wa mwaka jana wenye kibandiko na kadi umeshajishtaki wenyewe.

Na kuna mtego mmoja ambao si bandia hasa. Ni vile vipochi vya kitambaa chenye C mbili, ambavyo kaunta za vipodozi hugawa kama zawadi kwa mteja. Mtu anatia mkufu wa kununua, anapiga picha nzuri, anaandika "Chanel halisi, zawadi ya VIP". Nilioneshwa kimoja, mwenye nacho akiwa amelipa pesa ya kununulia chupa mbili za No. 5. Mkufu ulikuwa umeanza kuacha kutu kwenye bega la blauzi yake.