Roadster, MR-S au Copen? Gari la viti viwili kwa barabara za Mtwara na Lindi

Kwa mtu wa Mtwara anayetaka gari la michezo la viti viwili na hana fedha za kuchezea, chaguo letu la kwanza ni Mazda Roadster ya kizazi cha nne, ile yenye injini ya 1.5, gia za mkono na paa la turubai. La pili ni Toyota MR-S, kwa sababu moja kubwa: injini yake ni 1ZZ-FE, ileile iliyomo kwenye Allion, Premio na Wish za 1.8 za kizazi cha kwanza zinazopita hapa mjini kila siku. Daihatsu Copen na Honda S660 ni magari mazuri, ila tungemshauri azinunue yule tu ambaye safari zake haziendi mbali zaidi ya Mikindani.

Mpangilio huu hautokani na mbio. Kwa mbio MR-S ingekuwa ya kwanza: farasi 140 kwenye gari lisilofika hata tani moja kwa matoleo mengi. Roadster ya 1.5 ina farasi 131 na uzito unaoanzia kilo 990. Copen na S660 zote zina farasi 64, kwa kuwa ndiyo ngazi ambayo watengenezaji wa Japani hawaivuki kwa magari ya kei, yaani daraja la magari madogo la Japani lenye injini isiyozidi cc 660. Kinachoamua huku kwetu ni matuta, spea na jua.

Tuanze na matuta. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kama kilomita 560, na kila kijiji kikubwa njiani kina tuta lake au rasta zake. Mvua nazo zina lake: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya kusini eneo la Somanga, na daraja likiondoka gari hupitishwa kwenye mchepuko wa udongo na mawe. Uvungu wa Roadster mpya uko kama sentimita 14 kutoka ardhini, S660 ni sentimita 12.5, Copen mpya ni 11 hivi. Lakini usisome namba hiyo peke yake. Tuta hugusa tumbo la gari katikati ya ekseli mbili, hivyo ekseli zikikaribiana gari linavuka kwa urahisi zaidi. Roadster ina sentimita 231 kati ya ekseli, MR-S ina 245. Ndiyo maana MR-S hukwangua kwenye tuta lenye mgongo mkali ambalo Roadster inalipita salama.

Namna ya kuvuka ina maana pia. Punguza mwendo mapema, kisha achia breki kabla tairi la mbele halijapanda. Ukiwa bado umekanyaga breki, pua inazama sentimita kadhaa na bampa ndilo linalogusa kwanza. Ingia kimshazari, tairi moja moja, kwa gia ya kwanza. Gari lililoshushwa na mwenye nalo Japani kwa springi fupi liache kabisa, hata likiwa linang'aa kiasi gani. Kurudisha springi na shokapu za kiwandani ni gharama ambayo muuzaji hakutajii.

Sasa Roadster yenyewe. Kizazi hiki, kinachoitwa ND, kilianza 2015, na toleo la turubai la soko la Japani linakuja na injini ya Skyactiv ya 1.5 inayozunguka hadi 7,500 kwa dakika bila kulalamika. Namba ya chasisi huanza na ND5RC. Ukiona NDERC hiyo ni RF, yenye injini ya 2.0 na paa gumu linalojikunja kwa mota. RF ni nzuri kuitazama, na wapo watakaoipenda kwa kuwa paa gumu halichanwi. Sisi hatuichagui. Imeongeza uzito hadi kilo 1,100 hivi, imeongeza mota na sensa, na paa la aina hiyo likigoma nusu njia ukiwa Nangurukuru mvua inanyesha, hakuna fundi wa karibu wa kulishusha. Turubai la ND5RC halina mota wala waya. Unafungua kishikizo kimoja katikati, unalisukuma nyuma kwa mkono mmoja ukiwa umekaa kwenye kiti, linajifunga. Sekunde chache, basi.

Kuliendesha ni raha ya kweli. Injini iko mbele lakini imesogezwa nyuma ya ekseli, tairi za nyuma ndizo zinazovuta, na mzigo umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Matokeo yake usukani ni mwepesi na unaeleza kila kinachotokea barabarani. Ukipanda Newala kwenye kona za ukingo wa nyanda za Wamakonde utajua kwa nini watu duniani wamenunua Roadster zaidi ya milioni moja tangu 1989. Halihitaji mwendo wa kukupeleka kwenye tochi ya trafiki ili likufurahishe. Hata kilomita 50 kwa saa, gia ya pili, kona nzuri, inatosha.

Mabaya yake yapo. Giaboksi za miaka ya mwanzo zilikuwa na udhaifu, na Mazda waliziboresha zaidi ya mara moja. Lijaribu likiwa baridi: panda kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, kisha rudi ya pili. Ukisikia kusaga au gia ikikataa kuingia, achana nalo. Halina spea tairi, lina chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo tu. Dawa hiyo huziba tundu la msumari, haisaidii ubavu uliochanika. Tangi ni lita 40. Ukipiga hesabu ya kilomita 14 kwa lita unapata 560, yaani umbali wa Dar hadi Mtwara bila akiba yoyote, kwa hiyo jaza Nangurukuru au Lindi mjini. Kuhusu spea, plagi na filta ya oili si tatizo, kwa sababu Demio na Axela za Skyactiv zinatumia injini za ukoo uleule. Breki, shokapu na vioo ni vya kuagiza. Oili ni 0W-20, na mgandamizo wa injini hii ni mkubwa, 13 kwa 1, kwa hiyo petroli ya kwenye madumu ya pembeni ya barabara usiiguse.

Kama bei ya ND imekushinda, kizazi kilichotangulia, NC cha 2005 hadi 2015, kina injini ya 2.0 ngumu na rahisi kwa fundi. Ni zito kidogo na halina wepesi uleule, lakini ni gari la kuaminika.

MR-S inahitaji maelezo marefu zaidi, maana ni rahisi kununua na ni rahisi kununua vibaya. Ilitengenezwa 1999 hadi 2007, chasisi ZZW30, injini ikiwa katikati, nyuma ya viti. Hakuna toleo la otomatiki ya kawaida. Kuna gia za mkono, na kuna SMT, ambayo haina pedali ya klachi: pampu ya haidroliki ndiyo inayokanyaga klachi na kubadilisha gia kwa niaba yako. Usinunue SMT uiletee Mtwara. Pampu au kihifadhi presha chake kikichoka gari haliingii gia yoyote, na kulitengeneza kunataka kifaa cha kompyuta kinachosoma mfumo huo na fundi aliyewahi kuushika. Matangazo mengi ya bei rahisi ni ya SMT. Angalia picha ya pedali: zikiwa mbili, pita.

La pili ni oili. Injini za 1ZZ za kabla ya 2002 hivi zina pistoni zenye matundu madogo ya kurudishia oili. Yakiziba kwa masizi, ringi zinaganda na injini inaanza kula oili. Kwenye MR-S hilo ni hatari zaidi, kwani ndani ya manifodi ya ekzosi kuna katalisti ndogo, kichujio cha kusafisha moshi, karibu kabisa na silinda. Oili ikiichoma inavunjika, na unga wake wa kauri ukirudi ndani unakwangua silinda. Hapo injini imekwisha. Kwa hiyo liwashe, subiri lipate moto vizuri, liache lizunguke taratibu dakika kadhaa kisha kanyaga ghafla. Moshi wa bluu ni jibu. Ukishalinunua, pima oili kila unapojaza mafuta. Injini hii inabeba lita 3.7 tu, hivyo ikipungua lita moja umeshapoteza zaidi ya robo. Uvujaji mdogo kwenye kikaza cheni ubavuni mwa injini usikutishe, mara nyingi ni mpira wa duara wa bei ndogo.

La tatu ni maji. Rejeta iko mbele, injini nyuma, na mabomba yanapita chini ya sakafu gari zima. Fundi aliyezoea Corolla atajaza maji, atafunga kizibo, na baada ya kilomita chache gari litachemka kwa sababu hewa imebaki ndani. Kuna vali za kutolea hewa upande wa mbele. Unachomeka mipira myembamba inayoonyesha ndani, unaifunga juu usawa wa boneti, unafungua vali, unajaza kulanti (maji maalumu ya kupozea injini) polepole hadi itoke bila mapovu, kisha unafunga. Hita iwe imewekwa kwenye moto mkali muda wote. Tena tumia kulanti, si maji ya kisima. Haya ya pwani yana chumvi inayokula alumini.

Ukishayajua hayo matatu, MR-S ndilo gari rahisi kulitunza kuliko yote tuliyoyataja. Pampu ya maji, plagi, koili, filta: nenda duka lolote linalouza spea za Wish. Buti halina. Kuna kisanduku nyuma ya viti na nafasi ndogo mbele kwenye spea tairi nyembamba. Kwenye mvua liheshimu, kwani uzito ukiwa nyuma, ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unatangulia.

Copen na S660 kwa kifupi. Copen ya zamani, L880K, ina silinda nne na mkanda wa taiming unaobadilishwa kila kilomita 100,000. Mpya, LA400K ya kuanzia 2014, ina silinda tatu na cheni. Paa lake la umeme likikunjwa linameza buti lote. S660 ni tamu kona, injini katikati, gia sita, lakini tangi lake ni lita 25, na paa lake ukilivua ndilo linalojaza kisanduku cha mbele. Kwa zote mbili shida kubwa ni tairi. Copen mpya inataka 165/50R16, na S660 ina saizi moja mbele na nyingine nyuma. Tairi hizo hutazikuta madukani hapa, huenda hata Dar ukaagiza.

Faida ya haya madogo ni usafiri. Meli za magari hutoza kwa mita za ujazo: S660 ni kama 5.9, Copen mpya 6.4, MR-S 8.1, Roadster 8.4. Ushuru wa bidhaa nao unapanda kwa ukubwa wa injini, vizingiti vikiwa cc 1,000 na cc 2,000, halafu kuna nyongeza ya uchakavu kwa magari ya zaidi ya miaka minane na tena ya zaidi ya kumi. Mamlaka ya Mapato (TRA) hutumia thamani yake yenyewe, si risiti yako, kwa hiyo weka mfano na mwaka kwenye kikokotoo chao cha mtandaoni kabla hujatuma senti.

Omba karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani, si picha tu. Alama 4 kwenda juu inafaa. R au RA maana yake gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Omba picha za uvunguni pia. Gari lililotumika kaskazini mwa Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji, huja na kutu kwenye vizingiti vya milango, na hewa ya bahari ya Shangani itaimalizia kazi.

Likifika, anza na mifereji ya turubai. Nyuma ya viti kuna matundu mawili yanayoshusha maji ya mvua chini. Yakiziba kwa majani na mchanga, maji yanaingia kwenye zulia na kuozesha bodi kutoka ndani. Yazibue kwa uzi mnene wa nailoni kabla ya Novemba, mvua hazijaanza. Turubai lioshe kwa maji, sabuni laini na brashi ya nywele, kamwe si kwa pampu ya presha, ambayo hufungua mishono. Uvungu upige maji baridi kila ukitoka Msimbati au popote penye mchanga wa bahari. Na kuanzia Septemba usiegeshe chini ya mkorosho: maji ya mabibo yakikauka juu ya turubai doa lake halitoki, na bibo likiangukia kwenye kona ya kioo cha nyuma, juisi yake inatambaa hadi ndani ya mshono.