Injinia wa mchakato: kaniudhi, kaniokoa, bei yake bado inaniuma

Jamani naandika nikiwa na hasira bado, mnivumilie. Mimi na wenzangu tuna kiwanda cha alizeti hapa Singida, kukamua tunakamua siku nyingi tu, sasa huko nyuma tukasema tuongeze refaineri, mtambo wa kusafisha mafuta, maana dukani watu wanataka mafuta yaliyong'aa yasiyonuka. Tukampata muuzaji wa mashine. Mimi toka siku ya kwanza nilimwambia nataka mtu apige hesabu ya mchakato mzima kabla hatujamwaga zege, mvuke kiasi gani, maji kiasi gani, joto linatoka wapi. Yule bwana akacheka mbele ya mafundi wake, "Mama, karatasi haikamui mafuta, wewe tafuta alizeti hayo mengine tuachie." Wenzangu nao wakaona nawachelewesha.

Haya. Mashine zikaja zinang'aa kwelikweli, zikafungwa, tukawasha. Kuondoa ulimbo sawa, kostiki soda sawa, udongo wa kutoa rangi sawa. Tukafika kwenye tangi la kutoa harufu, mafuta yakagoma kupanda joto. Geji inafika digrii 170 na kitu, inalala hapohapo. Muuzaji simu hapokei, na akipokea anasema tatizo ni huyo mzee wenu wa boila hajui kuchochea. Mzee wa watu akachochea maganda ya alizeti mpaka ghala likabaki tupu, akahamia kwenye kuni, jasho linamtoka, geji ipo palepale na mafuta yananuka vilevile. Mtu umeuza mashine halafu lawama unamtupia mzee anayeshinda motoni! Hapo ndo damu ilinichemka.

Nikamleta injinia wa mchakato kutoka Dar, ndo mtu wa kupiga zile hesabu nilizozitaka. Kijana tu. Akamwamkia mzee shikamoo, kisha akaanza kuzunguka na ndoo na saa anapima maji yanayotoka kwenye pampu, anaandika, anapima tena, spana hajaigusa, na mimi naiona hela yangu inavyoyeyuka. Baadaye akasimama kwenye boila akauliza, mzee hii presha yake mwisho baa ngapi? Mzee akasema kumi. Kijana akamwambia basi mzee wangu usijichoshe, mvuke wa baa 10 una joto la digrii 180 na kidogo, hili tangi linataka 220 kwenda juu mpaka 240, hata ukichoma miti yote ya Singida mafuta hayawezi kuwa na joto kuliko kinachoyapasha.

Yaani ni hivyo tu! Hesabu ya mstari mmoja! Ilitakiwa hita inayozungusha mafuta maalum ya kupashia, au boila ya presha kubwa mno ambayo bei yake hata sitaki kuiwaza. Na yote hayo yangeonekana kwenye karatasi, hiyohiyo isiyokamua mafuta, kabla hatujatoa hata shilingi. Mzee wa boila alikaa chini akacheka peke yake, nikaona nimlipe kijana mara mbili.

Nilikuwa sijamaliza kufurahi akaniharibia. Akaangalia juu akauliza kwa sauti, wafanyakazi wote wanasikia, "Hili paa nani kalichora?" Kumbe kondensa ya vakyumu, ile inayopoza mvuke unaonyonywa kwenye tangi la harufu uwe maji, inatakiwa ikae juu kama mita 10 hivi ndo maji yashuke yenyewe bila hewa kuyasukuma yarudi, na jengo letu lina mita 6. Tutoboe paa, tujenge mnara. Kuna waliocheka. We kijana, si unaniita pembeni? Mimi ni mama yako kwa umri!

Halafu ripoti yake, Kiingereza mwanzo mwisho, na mchoro wa mabomba wenye alama hata mafundi wanauliza hii ni valvu au ni nini, ilibidi nimrudishe aje amfafanulie mzee kwa mdomo, na hapo napo akataka nauli.

Kwa hiyo nyota tano. Hapana, tatu, kwa ule mdomo wake na ile ankara. Ila hita imefungwa, paa limetobolewa, na mafuta yanatoka hayanuki kabisa, wateja wa Manyoni wameanza kuagiza, basi iwe nne. Yule muuzaji sina nyota ya kumpa, na mashine zake mbona nzuri tu, ndo kinachoniuma zaidi.

Kijana kasema maji ya kisima chetu yana chumvi nyingi yatakula boila, yapimwe. Nimeshamtumia nauli.