Niliahidiwa barua, nikaambiwa nikasome uuguzi

Nilijiapiza nisiandike nikiwa na hasira. Miezi imepita, hasira haijaenda popote, basi naandika hivyo hivyo.

Mimi ni mhasibu, nimesomea Dar, sasa nipo Maryland nikitafuta kuingia udaktari. Huku Marekani udaktari unasomwa baada ya digrii ya kwanza, na sisi ambao digrii zetu hazina sayansi tunaanzia kwenye programu maalum: baiolojia, kemia, organiki (kemia ya kaboni), fizikia, na maabara zake. Chuo nilichochagua sikitaji. Kilichonivuta ni mambo mawili: zaidi ya asilimia 90 ya wanafunzi wao huingia udaktari, na kuna barua ya kamati, yaani barua ambayo kamati ya chuo inakuandikia kukupendekeza kwa vyuo vya udaktari. Vyuo vingi vya udaktari vikijua ulikotoka kuna kamati, vinaitaka barua hiyo. Ukiikosa, jieleze.

Asilimia 90 ya nani? Sikuuliza. Hapo ndipo nilipoliwa.

Nikasoma. Mchana darasani, usiku nyumba ya wazee, nageuza wagonjwa na kubadilisha mashuka, vikaratasi vya organiki vimejaa mfukoni. Alama za Dar huku hazihesabiwi, mfumo wa maombi haupokei matokeo ya vyuo vya nje, kwa hiyo GPA (wastani wa alama) yangu ya huku, 3.4 kati ya 4, ndiyo ilikuwa mtaji wote.

Ilipokaribia Mei, maombi yanapofunguliwa, nikaenda kwa mshauri wetu. Mama yule alikuwa anakula saladi. Hakuiacha. Akapekua faili langu kwa kidole kimoja kisicho na mafuta, akasema kamati haimwandikii mtu aliye chini ya 3.5. Nikauliza limeandikwa wapi. Utaratibu wa ndani, akasema. Kisha, huku anawinda kipande cha nyanya kwa uma: "Umewahi kufikiria uuguzi? Watu wa kwenu mna upole sana na wagonjwa."

Watu wa kwenu! Wauguzi nawaheshimu, ndio walionifundisha kumgeuza mzee bila kumuumiza. Lakini ada ile ya mkopo sikulipa ili nisifiwe upole.

Hesabu iliniingia nikiwa kwenye basi, mhasibu mzima! Ukiwaandikia barua wale tu unaojua wataingia, asilimia 90 utaikosaje? Sisi wengine tunafutwa kitabuni kabla hesabu haijafungwa. Nilikokuwa nafanya kazi, mkaguzi angekitupa kitabu hicho mezani kwako.

Haki yao niwape, lakini. Mwalimu wa organiki alikaa nami jioni moja mpaka mlinzi akaja kuzima taa, ananichorea mshale mmoja mmoja elektroni zinakokwenda, mpaka nikaona mwenyewe. Barua yake binafsi ndiyo niliyoituma. Kwa mwalimu yule ningesema nendeni.

Hapana, msiende. Au nendeni, ila kabla ya kulipa, chuo kiwajibu kwa maandishi: walioanza wangapi, walioandikiwa barua wangapi? Wakianza kuzunguka, nenda chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu na kwako. Ada ni ndogo mno kuliko ile, na elektroni ni zile zile.

Fomu za vyuo vingine zina nafasi ya kueleza kwa nini huna barua ya kamati. Niliandika sentensi mbili, nikafuta moja. Ile ya saladi.