MP5K na ndugu zake: tathmini ya rashasha fupi ya polisi

Katika ukoo wa MP5 unaotengenezwa na kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani, MP5K ndiyo inayosifiwa zaidi na watu ambao hawajawahi kupewa jukumu la kuibeba mbele ya umati. Ina urefu wa milimita 325, uzito wa kilo mbili hivi bila risasi, na inafyatua risasi zile zile za milimita 9 kwa 19 zinazotumiwa na bastola nyingi za polisi duniani. Kwa sifa hizo tatu pekee, askari yeyote aliyewahi kuteremka haraka kwenye Land Cruiser huku bunduki yake ndefu imenasa kwenye mkanda wa kiti ataitamani. Nimefanya kazi ya fundi silaha kwa miaka mingi kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Mbeya, ambako sasa nawafundisha walinzi, na swali la bunduki fupi huulizwa karibu katika kila darasa. Jibu langu nilitoe mapema: toleo bora la K ni lile lililorudishiwa kitako, yaani sehemu ya nyuma inayoegemezwa begani, ambacho K ya kwanza ilinyang'anywa.

MP5 yenyewe ilianza kubuniwa mwaka 1964 katika mji wa Oberndorf, na mwaka 1966 polisi na walinzi wa mpaka wa Ujerumani Magharibi wakaanza kuitumia. Wabunifu hawakuanza na karatasi tupu. Walichukua mtambo wa bunduki ya G3, ambayo majirani zetu wa Kenya waliitumia kwa muda mrefu, wakaupunguza ili ufae risasi ya bastola. Bila kuuelewa mtambo huo mtu hawezi kuelewa kwa nini silaha hii ilipendwa, wala kwa nini toleo lake fupi linaudhi.

Kwenye rashasha nyingi za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kama Sten ya Uingereza, bolti ni pande zito la chuma linalokaa nyuma likisubiri. Ukivuta kifyatulio, pande hilo linaruka mbele, linasukuma risasi ndani ya chemba, yaani nafasi ya risasi mwanzoni mwa mtutu, na kuilipua papo hapo, kwa hiyo bunduki inatikisika kabla risasi haijatoka mdomoni mwa mtutu na shabaha inahama. MP5 hufyatua bolti ikiwa imekwisha kufunga. Unapovuta kifyatulio hakuna kinachosogea isipokuwa nyundo na pini. Bolti yake ina sehemu mbili, kichwa na mwili, na kwenye kichwa kuna rola mbili ndogo za chuma ambazo, silaha ikiwa imefungwa, husukumwa nje na kukaa ndani ya mifuo iliyochongwa pande mbili za mwanzo wa mtutu. Shinikizo la baruti linapotaka kukirudisha kichwa nyuma, sharti kwanza rola zibanwe ziingie ndani, na katika kuingia kwake zinausukuma mwili wa bolti urudi nyuma kwa kasi kubwa kuliko kichwa chenyewe. Kazi hiyo hula nguvu na kununua muda, ganda halichomolewi mpaka shinikizo limeshuka, na mtengenezaji hahitaji tena bolti nzito ya kupiga mbele na nyuma kama nyundo ya mhunzi. Ndani ya chemba kuna mifereji myembamba inayoipitisha gesi pembeni mwa ganda ili lisinase, ndiyo maana maganda yaliyotoka kwenye MP5 hutambulika kwa mistari myeusi ubavuni.

Matokeo yake ni rashasha ambayo, kwa risasi moja moja, inalenga kwa utulivu usiotarajiwa kwa silaha ya risasi ya bastola. Toleo la MP5A2 lenye kitako kisichokunjwa lina urefu wa milimita 680 na mtutu wa milimita 225, na askari wa kawaida, si bingwa wa shabaha, anaweza kulitumia vizuri baada ya mafunzo ya kiasi. Dunia nzima iliiona Mei 5, 1980, pale makomando wa SAS, kikosi maalumu cha jeshi la Uingereza, walipouvamia ubalozi wa Iran jijini London mbele ya kamera za televisheni, na tangu hapo jina lake halikuhitaji tangazo.

K ilitoka mwaka 1976, na herufi hiyo inasimama kwa neno la Kijerumani lenye maana ya fupi. Mtutu ulikatwa ukabaki milimita 115, kitako kikaondolewa na nafasi yake kuzibwa kwa kifuniko chenye pete ya mkanda, na mbele ikawekwa mpini wa kushikia kwa mkono wa kushoto. Mpini huo una pembe inayotokeza mbele, na pembe hiyo haikuwekwa kwa urembo: mdomo wa mtutu uko karibu sana na vidole, na bila kizuizi mkono ungeteleza ukapita mbele yake. Jambo la kushangaza ni kwamba kupunguza mtutu karibu nusu hakukuiumiza sana risasi. Kwa takwimu za mtengenezaji, kasi yake inashuka kutoka mita 400 kwa sekunde hadi mita 375 hivi, kwa sababu baruti ya risasi ya bastola huungua haraka na mtutu mrefu hauiongezei mengi. Kwa upande huo wabunifu walipata ufupi kwa bei nafuu.

Bei halisi inalipwa begani. Bolti ya K ni fupi na safari yake ni fupi, hivyo mwendo wake umepanda kutoka risasi 800 kwa dakika za MP5 hadi risasi 900, yaani risasi 15 kwa sekunde. Magazini ya risasi 30 inamalizika kwa sekunde mbili. Ile fupi ya risasi 15, ambayo ndiyo inayoficha vizuri chini ya koti, inamalizika kwa sekunde moja. Nilipata kuifyatua katika uwanja wa shabaha nje ya nchi, chini ya macho ya mkufunzi aliyetufundisha tuusukume mpini mbele na kuuvuta mkanda nyuma kwa wakati mmoja ili silaha iwe imebanwa katikati. Mbinu hiyo inafanya kazi, hasa kwa risasi moja moja, lakini ni mbinu ya mtu anayefanya mazoezi kila wiki. Kwa mfululizo, mdomo wa mtutu unapanda, na risasi za mwisho zinakwenda mahali ambapo mpigaji hakupakusudia. Alama za kulengea nazo zimepunguzwa: badala ya matundu ya duara ya MP5 kubwa, K ina gurudumu lenye mianya ya wazi, inayofaa kwa umbali wa chumba na ukumbi, si zaidi ya hapo.

Nina lawama nyingine mbili, ambazo ni za ukoo mzima. Bolti haibaki nyuma baada ya risasi ya mwisho, kwa hiyo askari anagundua kwamba magazini imekwisha pale tu anaposikia mlio mkavu wa nyundo. Tena mkono wa kukokia uko juu ya mtutu, upande wa kushoto, na kwenye K umefupishwa mpaka mwenye kidole kinene anaupapasa. Wanaopenda kuupiga kwa kiganja ili bolti ianguke kwa kishindo wanafurahisha macho. Kufanya hivyo kwenye silaha iliyo fupi hivi, karibu na mdomo wa mtutu, sikupendekezi.

Matoleo ya K si mengi, na tofauti zake ni ndogo isipokuwa moja. K ya kawaida ina alama za kulengea zinazorekebishwa. KA1 imelainishwa juu, alama zake zikiwa ndogo sana, ili isinase kwenye nguo inapochomolewa. KA4 na KA5 zinafanana na hizo mbili ila zimeongezewa hatua ya kufyatua risasi tatu tatu kwa mvuto mmoja. Kuna pia sanduku la mkononi mfano wa briefkesi, ambalo K inafungwa ndani yake na kifyatulio kinaunganishwa na mpini wa sanduku. Ni ubunifu wa kuvutia, lakini mlinzi wa kiongozi anayefyatua kutoka ndani ya briefkesi halengi, anakisia, na sioni kamanda wa polisi mwenye busara akiruhusu hilo mahali penye watu.

Tofauti kubwa ni MP5K-PDW ya mwaka 1991, iliyoandaliwa na tawi la kampuni hiyo nchini Marekani kwa ajili ya marubani na watu wengine ambao bunduki si kazi yao ya kwanza. Ilipewa kitako kinachokunjwa ubavuni na mtutu mrefu kidogo unaokubali kizuia sauti. Kitako kikikunjwa, silaha bado ni fupi kiasi cha kukaa mapajani mwa abiria wa gari. Kikikunjuliwa, inapita nusu mita na inarudi kuwa MP5. Kwa uzito ulioongezeka kidogo unapata bega, shavu, na jicho lililotulia nyuma ya alama za kulengea. Kama ningepewa fungu la kununua silaha za kikosi kidogo cha kusindikiza, ningechukua hii na kuiacha K ya asili bila majuto.

MP5SD ya mwaka 1974, yenye kizuia sauti kilichojengwa humo humo, nitaipita haraka, kwa kuwa si fupi. Inafaa kusema tu kwamba inapunguza kasi ya risasi ya kawaida mpaka chini ya kasi ya sauti, na kwa hiyo inapoteza nguvu kidogo.

Sasa tuitazame kwa macho ya Nyanda za Juu Kusini. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu raia wala kampuni binafsi ya ulinzi kumiliki silaha ya kufyatua mfululizo, hivyo wanaoniuliza bei wapumzike. Mjadala huu ni wa vyombo vya dola. Pia silaha ambayo magazeti yetu huiita SMG, kifupi cha Kiingereza cha rashasha, kwa kawaida ni ya jamii ya AK, inayofyatua risasi ya bunduki ya milimita 7.62 kwa 39, na nguvu yake haifanani na ya hii ninayoizungumzia.

Kwa askari anayesimama ndani ya benki, au anayemsindikiza shahidi kwenye ngazi za mahakama, au anayekaa ndani ya gari linaloteremka kona za Kitonga, ufupi una faida ya kweli. Risasi ya milimita 9 pia haisafiri mbali kwa nguvu kama ya AK, jambo lenye uzito mahali kama soko la Mwanjelwa, ambako nyuma ya kila mtu kuna mtu mwingine. Lakini ni pale pale Mwanjelwa ambapo risasi 15 kwa sekunde kutoka kwenye silaha isiyo na kitako haziwezi kuhesabiwa haki. Polisi wa Uingereza walilitatua jambo hili zamani: MP5 wanazobeba kwenye viwanja vya ndege zimetengenezwa zifyatue risasi moja moja tu. Naliona hilo kuwa toleo la kipolisi kuliko yote. Ukitoka mjini ukaingia tambarare za Usangu, au barabara ya Makambako usiku, hesabu inageuka tena, kwa sababu umbali unakuwa mkubwa na anayefyatuliwa anaweza kuwa nyuma ya bati la lori; hapo rashasha ya aina yoyote ni silaha dhaifu. Wamarekani walijifunza hivyo North Hollywood, jijini Los Angeles, Februari 28, 1997, pale risasi za bastola za polisi ziliposhindwa kuwazuia majambazi wawili waliovaa mavazi ya kukinga risasi, na vikosi vingi vikaanza kuhamia kwenye bunduki fupi za risasi zenye nguvu zaidi.

Washindani wapo. Skorpion ya Czechoslovakia, ya mwaka 1961, ni ndogo na nyepesi zaidi, ila risasi yake ya milimita 7.65 ni hafifu. Mini Uzi ya Israel ni imara na rahisi kufundishia, kwa kuwa magazini huingia ndani ya mpini na mkono huupata mkono hata gizani. Wa siku hizi wanaoiumiza kichwa Heckler & Koch ni B&T ya Uswisi, ambayo APC9K yake ilichaguliwa na jeshi la nchi kavu la Marekani mwaka 2019; nayo, angalieni, ina kitako.

Kwa kikosi kitakachoipata MP5K ya aina yoyote, iwe ya Ujerumani au iliyotengenezwa kwa leseni Pakistan au Uturuki, vumbi la Julai na baridi ya Makete haviisumbui sana mradi chemba inasafishwa na mifereji yake haijazibwa na masizi. Kinachochakaa ni rola. Kati ya kichwa cha bolti na mwili wake, silaha ikiwa tupu na imefungwa, kuna uwazi mdogo ambao fundi hupaswa kuupima kila baada ya kipindi cha mazoezi, na ukishuka chini ya robo ya milimita rola hubadilishwa kwa nyingine nene kidogo kabla mfyatuo haujaanza kuwa mkali na sehemu nyingine kuumia. Kipimo chake ni vile vibamba vyembamba vya chuma ambavyo gereji za Mbeya hutumia kurekebisha nafasi za vali. Rola zenyewe lazima ziagizwe pamoja na silaha, kwenye mkataba ule ule.