Zana za Kuanzia Kuvua Baharini: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Isubiri, Ipi Uiache Dukani

Anayeanza kuvua baharini huingia dukani na swali moja: fimbo gani na rili gani, yaani kifaa cha kukunjia uzi? Ni swali la maana, ila mara nyingi fedha zote huishia hapo. Vitu viwili vinavyoamua kama atarudi salama na kama samaki wake atalika, yaani jaketi la kujiokolea na kasha la barafu, hubaki kwenye rafu. Kwa hiyo kabla hujaangalia zana yoyote, gawa fedha zako mafungu matatu. Mawili ni ya zana. La tatu liweke kando, tutalifikia.

Nimepanga seti tano, kuanzia inayomfaa mvuvi mpya hadi ile ambayo simshauri mtu aichukue. Nimeangalia mambo matatu: jinsi zana inavyostahimili chumvi, jinsi inavyofunzika haraka, na wingi wa mahali inapoweza kutumika. Zana iliyokutumikia vizuri mtoni au ziwani haikupi uhakika baharini. Maji ya chumvi yakikauka huacha chembe ndani ya beringi na kwenye skrubu, na chembe hizo huvuta unyevu na kuendelea kula chuma hata rili ikiwa imelala kabatini.

1. Rili ya kuning'inia na fimbo ya mita 2.4 hadi 2.7

Hii ndiyo rili inayokaa chini ya fimbo, yenye waya unaoufungua unapotaka kurusha na kuufunga unapoanza kukunja uzi. Chukua saizi ya 4000 au 5000. Namba hizi hazilingani kabisa kati ya kampuni moja na nyingine, lakini saizi hiyo hubeba uzi wa kutosha kwa samaki wengi wa ufukweni, na hata ukipata nafasi ya kutoka na mashua bado itakufaa. Kurusha kwake mtu hujifunza siku hiyohiyo.

Usiinunue kwa macho. Ishike mkononi, zungusha mpini kwa kidole kimoja, polepole, huku umeisogeza karibu na sikio. Isikwaruze, isikwame popote katika mzunguko mzima. Kisha mwombe muuzaji afunge uzi kidogo, kaza nusu breki inayozuia uzi usitoke ovyo, uvute uzi kwa mkono. Unapaswa kuanza kutoka taratibu na kuendelea kwa mvuto uleule. Breki inayoshika, ikaachia, ikashika tena ndiyo inayokata uzi samaki mkubwa anapokimbia, na hakuna ufundi wa mvuvi utakaorekebisha hilo. Wingi wa beringi unaotangazwa kwenye boksi usikubabaishe. Uliza kama zimezibwa maji yasiingie.

Kuhusu fimbo, mchanganyiko wa kaboni na fibaglasi unatosha. Kaboni tupu ni nyepesi na hupeleka mguso wa samaki mkononi vizuri zaidi, ila haivumilii kugongwa kwenye ukingo wa mashua au mwamba. Tena kaboni hupitisha umeme. Ukisikia radi, laza fimbo chini uondoke majini, na usiinyanyue karibu na nyaya za umeme. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete ya fimbo kabla ya kulipa. Pamba ikinasa, pete ina ufa, na ufa huo utausaga uzi.

2. Mshipi wa mkono

Wengine watashangaa kuuona juu hivi. Kwa anayevua kutoka mashuani, uzi ukiteremka wima hadi kwenye miamba ya chini, hakuna zana rahisi zaidi wala isiyo na cha kuharibika kama hii: nailoni nene, kibao cha kukunjia, chubwi (kizito cha kuzamisha uzi) na ndoana. Unamsikia samaki moja kwa moja kidoleni. Udhaifu wake ni kwamba kutoka nchi kavu hufiki mbali.

Lakini una sharti lake. Usizungushe uzi kwenye kiganja wala kidole, hata kwa sekunde moja ya kutafuta mshiko. Jodari mmoja mwenye nguvu akishtuka, uzi hukata nyama hadi mfupani, au humvuta mtu baharini. Nunua glavu pamoja na mshipi, na uwe na kisu mahali unapokifikia kwa mkono wowote.

3. Fimbo ndefu ya ufukweni, mita 3.6 hadi 4.2

Inafaa ufukwe wa mchanga wenye mawimbi, ambako samaki hupita nyuma ya mawimbi yanapovunjikia na ni lazima umrushie mbali. Inataka rili ya saizi ya 6000 na kuendelea, na chubwi lenye miguu ya waya inayoshika mchanga ili mkondo usilibebe. Kwenye miamba na mashuani inakuwa mzigo. Iwe ununuzi wa pili, baada ya kujua kwamba ufukwe ndio makao yako.

4. Rili ya ngoma

Hukaa juu ya fimbo, ina nguvu kuliko zote, na kwa samaki wazito wa maji ya kina ndiyo yenyewe. Tatizo ni kurusha. Ngoma huzunguka haraka kuliko uzi unavyotoka, na usipoizuia kwa kidole gumba nyuzi hugeuka kiota. Kama utaishia kuteremsha chambo kutoka mashuani tu, ipandishe hadi nafasi ya pili.

5. Seti iliyofungwa tayari kwenye plastiki

Fimbo, rili, uzi, ndoana na vikorokoro vya rangirangi, vyote kwa bei moja. Iache. Rili zake nyingi zimetengenezwa kwa maji yasiyo na chumvi, na uzi uliomo huenda umekaa dirishani juani muda mrefu. Jua huidhoofisha nailoni. Ikiwa ndiyo pekee inayolingana na mfuko wako, tupa uzi wote, weka mpya, kisha uitunze kama nitakavyoeleza hapa chini.

Rili iliyotumika inaweza kuwa bora kuliko seti hii mpya. Kagua kigurudumu kidogo ambacho uzi hupitia kwenye ule waya. Kikigoma kuzunguka, chumvi imeshaingia, na huenda imefika na ndani.

Uzi na ndoana

Hapa ndipo ningependa utumie fedha bila kusita, kwa sababu kati yako na samaki hakuna kingine. Kwa mwanzo nachagua nailoni. Hunyumbuka, kwa hiyo husamehe breki iliyokazwa vibaya na mkono wenye pupa, na inastahimili kusuguliwa na miamba kuliko uzi wa kusuka wa nguvu ileile. Ibadilishe mara kwa mara.

Uzi wa kusuka ni mwembamba mno kwa nguvu yake na haunyumbuki karibu kabisa, hivyo unausikia mguso mdogo ukiwa mbali. Lakini ukigusa mwamba mkali ukiwa umekazwa, umekwisha. Ukiuchagua, anza kwa kuzungusha nailoni kidogo kwenye bobini, sehemu ya rili inayobeba uzi, la sivyo uzi wote utateleza na kuzunguka mtupu. Mbele yake fungia mita moja au mbili za nailoni nene au florokaboni. Florokaboni huzama na huonekana kwa shida majini, lakini ni ghali, na sioni haja ya kujaza bobini nzima kwayo.

Breki ikazwe kwa robo hadi theluthi ya nguvu ya uzi. Uzi wa kilo 12, breki ianze kuachia kwenye kilo 3 au 4. Pima kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kukisia. Na kila fundo lilowanishwe kwa mate au maji kabla ya kukazwa, maana joto la msuguano huidhoofisha nailoni palepale unapoitegemea.

Kwa ndoana, za duara zilizopinda ncha kuelekea ndani ni bora kwa anayevua kwa chambo. Hunasa kwenye kona ya mdomo badala ya tumboni, na samaki usiyemtaka humrudisha akiwa hai. Usiikwanyue fimbo samaki anapouma. Kaza uzi polepole, ndoana itajigeuza yenyewe. Epuka zisizoshika kutu. Ndoana ya chuma cha kawaida ikibaki kwa samaki aliyekata uzi, huoza ikatoka. Chubwi la risasi usiling'ate kwa meno, na nawa mikono kabla ya kula, kwani risasi ni sumu.

Ukirudi nyumbani, kaza breki ili maji yasiingie ndani, umwagie rili maji baridi ya bomba kwa upole, uikaushe kwa kitambaa, kisha uilegeze breki kabisa. Maji ya kasi husukuma chumvi ndani badala ya kuitoa.

Fungu la tatu

Jaketi la kujiokolea hupimwa kwa nyutoni, kipimo cha nguvu yake ya kukueleza majini. La 50 ni la mwogeleaji aliye karibu na msaada, na si la mvuvi. La 100 linafaa maji yaliyotulia karibu na ufuko. Bahari ya wazi chukua la 150, na ukiwa na nguo nzito na buti la 275; yote mawili yameundwa kumgeuza aliyepoteza fahamu uso uangalie juu. Mashuani napendelea la kujaa gesi kwa sababu ni jembamba, na mtu hukaa nalo siku nzima bila kulivua. Kagua mtungi wake wa gesi kabla ya kila safari. Kwenye miamba chukua la povu: halitoboki, na hukukinga mbavu ukibamizwa. Lolote utakalochukua liwe na mkanda wa kupita kati ya miguu, lisije likakuvuka kichwani majini.

Miamba imeua wavuvi wengi walioiona bahari shwari. Simama mahali pakavu uangalie mawimbi kwa nusu saa kabla ya kushuka, maana makubwa huja kwa mafungu baada ya kimya kirefu. Mwamba uliolowa umekwisha kukuambia wimbi linafika wapi. Usiipe bahari mgongo, usiende peke yako, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa kuliko kawaida, ujue mapema njia ya kurudi itafunikwa saa ngapi.

Nunua pia koleo refu la kutolea ndoana, na viatu vya soli ngumu. Ukichomwa na samaki aitwaye taa, mwenye mwiba mkiani, au samaki jiwe, tumbukiza jeraha kwenye maji ya moto kiasi cha nyuzijoto 45, ukiyajaribu kwanza kwa mkono usioumia, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto hupunguza nguvu ya sumu na maumivu wakati unaelekea hospitali. Ndoana iliyozama karibu na jicho usiiguse, mwachie daktari.

Kasha la barafu na chakula chako

Chagua lenye kuta nene za povu, mpira wa kuziba kwenye mfuniko, na tundu la kutolea maji. Kwenye joto kali beba barafu yenye uzito sawa na samaki unaotarajia.

Samaki akifika, mpige kichwani afe mara moja, mkate matamvua damu itoke, kisha mzamishe kwenye uji wa barafu na maji ya bahari, barafu mafungu mawili kwa fungu moja la maji. Uji huo humgusa kila upande na humpoza haraka kuliko vipande vikavu. Mtoe matumbo mapema.

Haraka hii haihusu ladha tu. Jodari na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama, na mlaji huwashwa, uso huiva, kichwa hupasuka kwa maumivu. Kupika hakuiondoi. Samaki abaki chini ya nyuzijoto 4 tangu mashuani hadi jikoni.

Sumu nyingine hazitokani na uzembe wa mvuvi. Ciguatera hutoka kwa viumbe vidogo vya kwenye matumbawe na hujikusanya ndani ya walaji wakubwa: chewa wakubwa, mzia, mkunga. Haina harufu wala ladha, haiondoki kwa moto wala barafu, na dalili yake ya ajabu ni kuhisi kitu cha baridi kama kinaunguza. Katika bahari za joto waachie wakubwa wa miambani, ule wadogo wao wa saizi inayoruhusiwa. Bunju usimle kabisa. Sumu yake hulemaza misuli ya kupumua, na hakuna dawa ya kuipinga. Papa na samaki-upanga hukusanya zebaki, kwa hiyo mjamzito, anayenyonyesha na watoto wadogo wawaepuke.

Mpike hadi katikati ya nyama ifike nyuzijoto 63, ambapo huacha kung'aa kama kioo na kubanduka kirahisi kwa uma. Anayetaka kumla mbichi amgandishe kwanza kwa siku 7 kwenye nyuzijoto 20 chini ya sifuri ili minyoo ife, na apime kwa kipimajoto kwa sababu friza nyingi za nyumbani hazifiki huko. Isipofika, samaki huyo aingie chunguni.